Pikapu ya kubebea mwani: nitajuaje kama itadumu?

Mchukuzi_Micheweni
Assalamu alaykum wadau. Natafuta pikapu ya dizeli, dabo kebini, ya kuteremsha mwani kutoka Micheweni hadi Wete hapa Pemba, na msimu wa karafuu ipande vilima na magunia. Nimeoneshwa mbili: Hilux ya 2007 yenye injini ya 2KD, na Nissan Navara D40 ya 2008. Zote zinawaka vizuri na bodi zinang'ara. Mwenye Hilux anasema imetoka Japani na imetembea 98,000. Nataka gari ya kukaa nayo miaka kumi. Nianze kuangalia wapi?

Nyundo_na_Tochi
Wa alaykum salaam. Anza chini. Injini hufunguliwa ikatengenezwa, lakini chasisi ikishaliwa huna gari.

Chukua nyundo ndogo, bisibisi na tochi, lala chini, gonga kuanzia nyuma ya kebini hadi mwisho. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu na kutu inadondoka kama magamba ya samaki. Zidisha juu ya eksili ya nyuma na kwenye vishikio vya springi, maana tope na chumvi hujikusanya hapo. Chasisi ya pikapu ni boksi, huliwa kutokea ndani: tia kidole kwenye vile vitundu vya kutolea maji, uone kinachotoka. Rangi nyeusi mbichi kwenye chasisi kongwe ina jambo. Dunga bisibisi hapo hapo mbele ya mwenyewe, ikizama, aga uende zako.

Navara D40 inajulikana kwa chasisi kukatika nyuma ya kebini, hasa za Uingereza. Na jina la Toyota lisikulaze usingizi: mwaka 2016 huko Marekani ilikubali mapatano ya kesi ya kutu kwenye chasisi za pikapu zake za Tacoma na Tundra.

Dizeli_Kavu
Hiyo "imetoka Japani" itazame vizuri. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Ya 2007 imetumika kwengine. Kama ni Uingereza, barabara za kule humwagwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo kutu ilianza kabla haijaonja maji ya bahari yetu. Nafuu yake ni kwamba ukipata namba yake ya usajili ya kule, rekodi za ukaguzi wa kila mwaka zinasomeka bure kwenye tovuti ya serikali yao, pamoja na umbali iliotembea na kasoro zilizoandikwa.

Na gari za Uingereza husoma maili! 98,000 ikiwa ni maili, hiyo ni karibu kilomita 158,000, na belti ya taimingi ya 2KD kwa kawaida hubadilishwa kwenye 150,000. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu.

Injini uikute baridi, uiguse kabla haijawashwa. Ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili, kigeuze ukilaze juu ya tundu lake. Kutikisika si neno, kikirushwa, ringi za pistoni zimekwisha. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Kwenye Navara sikiliza mkwaruzo wa cheni mbele ya injini unapowasha tu.

Ugonjwa wa 2KD ni washa za shaba, zile pete nyembamba za kuzibia, chini ya nozeli zinazopuliza dizeli. Zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, injini ikakosa oili na kukwama. Mlipe fundi afungue sampu, mulitazame chujio, ndipo muongee bei.

Mchukuzi_Micheweni
Ahsanteni sana. Hilux imepakwa nyeusi chini yote. Je, nikitafuta Hilux ya zamani yenye injini ya 5L?

Nyundo_na_Tochi
Kwa kazi yako naipendelea. Nozeli zake haziendeshwi kwa umeme, fundi yeyote Chake anaijua. Vilimani itakwenda pole pole. Adui yake ni joto, ikichemka hupasua silinda hedi, basi angalia rejeta isiwe na oili wala maji yasiwe na rangi ya kutu.

Ukishanunua, tandika turubai zima chini ya mwani na uoshe chasisi kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, siku ile ile, mpira wa maji uingize ndani ya boksi mpaka yatoke masafi.