Mnaoandika maelekezo ya kusakinisha programu za Java, kwa nini hamtaji toleo la Tomcat?

Wakuu, yamenifika shingoni na leo nayatoa.

Kuna programu ya mijadala ya Java ambayo maelekezo yake ya usakinishaji ni haya tu: pakua faili la WAR (programu nzima ikiwa imefungwa pamoja), liweke kwenye folda ya webapps, washa Tomcat (seva inayoendesha programu za wavuti za Java), fungua kivinjari, jaza fomu. Basi! Toleo la Tomcat halijatajwa, la Java halijatajwa, na habari ya hifadhidata inaishia kwenye "andaa MySQL". Nimeyafuata neno kwa neno. Nilichoambulia ni 404, yaani "ukurasa haupatikani".

Tena ni ile 404 inayokera kuliko zote, kwa sababu kila kitu kinaonekana kizima. Ukurasa wa Tomcat kwenye 8080 unafunguka. Faili la WAR limejifungua lenyewe na folda yake ipo. Ukiita anwani ya programu, hola. Kila unayemuuliza anakwambia "cheki catalina.out", yaani logi kuu ya Tomcat, faili inamoandika matukio na makosa yake. Unaicheki, unakuta mstari unaosema kuna kitu kimeshindwa kuanza na maelezo kamili yako kwenye logi nyingine. Ipi? Haisemi. Ni ile iliyo kando yake, inayoanza na neno localhost na kubeba tarehe. Humo ndimo lilimokuwa jibu:

java.lang.NoClassDefFoundError: javax/servlet/ServletContextListener

Kwa ambao hawajakutana na balaa hili: Oracle, wenye Java, iliikabidhi Java EE (sehemu ya Java ya kujengea programu za seva) kwa taasisi ya Eclipse Foundation, mchakato uliotangazwa 2017, lakini hawakuafikiana Eclipse waendelee kuliendeleza jina la javax, ambalo majina ya klasi zake (vipande vya msimbo) yalianza nalo. Ndiyo maana Jakarta EE 9 (Java EE kwa jina jipya), iliyotoka 2020, ikahamisha kila kitu kutoka javax kwenda jakarta. Tomcat 9 inatumia javax. Tomcat 10 na zilizofuata zinatumia jakarta. Programu iliyojengwa kwa majina ya zamani ukiiweka kwenye Tomcat mpya inatafuta klasi ambazo hazipo, inakufa hata haijaanza. Tomcat siilaumu, wao wameliandika hili wazi kwenye mwongozo wa kuhama, na Tomcat 10 ina hata utaratibu wa folda ya webapps-javaee: ukiweka WAR ya zamani humo, inaigeuza yenyewe. Ninaowalaumu ni waandishi wa programu, ambao wanajua fika wamejenga kwa javax na bado wanamwambia mtu "washa Tomcat" kana kwamba Tomcat ni moja.

Nikashuka hadi Tomcat 9. Programu ikaamka, ikagoma kwenye hifadhidata: "No suitable driver". Draiva ya MySQL (kipande kinachoiunganisha Java na hifadhidata hiyo) haimo ndani ya WAR, na maelekezo hayasemi popote kwamba unatakiwa kuipakua mwenyewe, uiweke kwenye folda ya lib ya Tomcat, halafu uizime Tomcat na kuiwasha upya. Mfano wao wa mipangilio bado una com.mysql.jdbc.Driver, jina ambalo tangu Connector/J 8 (ndiyo draiva yenyewe) limeachwa na kuwa com.mysql.cj.jdbc.Driver. Majedwali nayo yanaundwa kwa utf8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), ambayo kwenye MySQL inaishia baiti 3 kwa herufi. Mtumiaji akiweka emoji moja kwenye ujumbe wake, ujumbe unakataliwa. Programu ya watu kuandikiana! Ilitakiwa iwe utf8mb4, inayopokea emoji, tangu mwanzo.

Lakini kilichonipandisha hasira kabisa ni viambatisho. Seva yangu ni Debian (aina ya Linux), Tomcat 9 imetoka kwenye paketi yake. Folda ya viambatisho niliiweka nje ya webapps, mmiliki wake ni mtumiaji tomcat, ruhusa ziko sawa. Kila picha inakataliwa, logi inasema mfumo wa faili ni wa kusoma tu. Nikawauliza watu wa msaada wa programu hiyo. Jibu lao: "chmod 777".

Jamani! Hiyo ni kumfungulia kila mtumiaji wa seva aandike anachotaka, kwenye mashine iliyo wazi kwa intaneti nzima, na hata haisaidii! Paketi ya Debian inaiendesha Tomcat kupitia systemd (msimamizi wa huduma za Linux) kwa kuibana: inaruhusiwa kuandika kwenye folda chache tu, ikiwemo webapps na ile ya logi. Nje ya hapo hata ukiweka 777 mara mia itagoma. Dawa ni "systemctl edit tomcat9", kisha chini ya [Service] unaongeza ReadWritePaths yenye njia ya folda yako, unaiwasha upya. Picha zikapanda papo hapo.

Sasa nauliza, kuandika "Tomcat 9 tu, draiva ya MySQL pakua mwenyewe" juu ya ukurasa wa maelekezo kunagharimu nini? Watu wanatoa programu bure, nawashukuru, lakini anayesakinisha naye ana kazi na watu wanaomsubiri. Nimewaandikia na marekebisho nimewawekea tayari, wayabandike tu.

Kama umekwama kwenye 404 ya aina hii, weka hapa toleo lako la Tomcat na kosa la kwanza kutoka logi ya localhost, nitakusaidia. Na nyie wa "chmod 777" msije kuwajibu watu humu.