Uliwahi kumkimbiza mwizi yakatokea ya kutokea? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Naanza mimi mwenyewe. 2016 nakaa Buguruni, saa mbili usiku nasikia mwiziii, mwiziii, nikatoka na nondo hata sijui nakimbiza nani. Dogo wa miaka kama 17 akaangukia kwenye mtaro, mguu mmoja ndala imeungwa na waya, mwingine peku. Nikamshushia moja ya mgongo. Mwenye simu, dada wa watu, simu anayo mkononi tayari, ndo alikuwa analia "basi jamani, nishaipata", hakuna aliyemsikiliza. Petroli ilikuwa imeshaagizwa pale kwa bodaboda, mwenyekiti wa mtaa ndo akamwokoa. Mpaka leo sijui yule dogo alipona au la. Haya shusheni zenu.

Karani Mstaafu
Una bahati mwenyekiti alikuwa karibu. Nimekaa mahakamani miaka mingi, wengi wanaingia kwa stori kama yako na wote wanasema "tulikuwa wengi". Kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu kinakupa haki ya kujitetea wewe, mwenzio au mali, ila kwa nguvu ya kadri. Ukizidisha ukaua wakati unajitetea, hiyo ni kuua bila kukusudia na inafika mpaka kifungo cha maisha. Mtu yupo chini mtaroni hana kitu unajitetea na nini? Hapo inasomwa mauaji ya kukusudia, dhamana hakuna, utakaa mahabusu mpaka watoto wakusahau sura. Raia kukamata unaruhusiwa, ukishakamata unampeleka kituoni, full stop.

Lindo la Usiku
Mimi nililinda yadi moja na shotgani. Jamaa wawili walikuwa wanakata nyaya, nikapiga ya juu, mmoja akadondosha mkasi akaruka ukuta, nikampiga akiwa juu ya ukuta. Hakufa, nashukuru Mungu. Nilijua nitapewa hongera, wee, mpelelezi kaniuliza swali moja tu: alikuwa anakuja au anaondoka? Na kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, daktari kaandika jeraha nyuma ya paja. Hilo neno "nyuma" limenitesa miezi nane, bosi simu hapokei, wakili nimemlipa kwa kuuza kiwanja.

Boda wa Mbagala
Mnaongea vizuri kwa sababu hamjaibiwa. Rafiki yangu alikodiwa kama abiria wa kawaida, wakamkaba na waya wakaondoka na pikipiki, kaacha mke na mtoto wa miezi mitatu. Mmoja alikamatwa, haukupita muda tukamwona kijiweni anakunywa soda. Wasukuma walivyoanzisha sungusungu miaka ya 80 mwanzoni hawakuwa wajinga, ng'ombe walikuwa wanaisha na hakuna wa kumlilia.

Mbongo Memphis
Pole sana mkuu. Huku naendesha malori, na sheria inayowabana polisi nchi nzima imeanzia mji huuhuu wa Memphis, Marekani. Oktoba 1974 polisi walimkuta Edward Garner, dogo wa miaka 15, nyuma ya nyumba iliyovunjwa, anataka kupanda uzio. Askari alimmulika na tochi, na alikuja kukiri mwenyewe kwamba hakuona silaha, akampiga ya kichwa kwa nyuma. Alikutwa na pochi na dola 10. Sheria ya Tennessee wakati ule ilimruhusu kabisa! Baba yake akapambana mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, 1985, kura 6 kwa 3, wakasema anayekimbia tu hauawi, labda uwe na sababu ya msingi kuamini ni hatari kwa maisha ya watu. Dola 10 wakuu, kesi miaka zaidi ya kumi.

Boda wa Mbagala
Sawa, huyo hakuwa na silaha. Sasa wangu anakimbia na pikipiki yangu na panga analo kiunoni, hapo anakuja au anaondoka?

Karani Mstaafu
Anaondoka mwanangu. Piga simu polisi, kariri sura yake. Akigeuka na hilo panga akufuate, hapo mahakama itakusikiliza vingine.

Boda wa Mbagala
Saa nane usiku, taa za barabarani hakuna, mzee wangu nani atakuwa ameona kageukia wapi?