Hivi nchi inatekwa siku ile ngome inapovunjwa, au baadaye?

Baba Binti, Iringa
Kamweneni wakuu. Jumamosi nilimpeleka binti yangu wa darasa la sita makumbusho pale Kalenga, akasimama mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mda mrefu kimyaaa, halafu akaniuliza "baba, kumbe walimshinda?" Nikakosa jibu. Maana Mkwawa hawakumshika, ngome waliivunja Oktoba 1894 lakini akawazungusha porini karibu miaka minne mpaka akajipiga risasi mwenyewe Julai 1898, na kabla ya hapo alishawamaliza kina Zelewski, kamanda wa Kijerumani na jeshi lake, pale Lugalo 1891. Sasa mtu wa hivyo ameshindwa? Na sisi wengine tulitekwa lini hasa? Nisaidieni nataka nimjibu mtoto vizuri.

Msangu wa Mbarali
Kamwene mkuu. Ila mwambie na upande wa pili, kabla Mjerumani hajafika Wahehe walishatutoa Usangu tukakimbilia Usafwa, ndo maana Merere, chifu wetu Wasangu, akaungana na Mjerumani, alitaka kurudi kwao. Simtetei, ila kwa wazee wetu mtekaji wa kwanza hakuwa mzungu. Na hata hao askari wa Mjerumani wengi walikuwa weusi, Wasudani na wengineo. Mzungu alikuta ugomvi upo akaingilia hapo hapo.

Mama Parachichi, Njombe
Mi nasema bunduki inamaliza vita tu, kodi ndo ilituteka. Fikiria unaambiwa ulipie nyumba yako kwa rupia, na huku nyanda za juu rupia utaitoa wapi, una mahindi, ulezi na ng'ombe, basi mwanaume anaacha mke na shamba anaenda manamba kukata mkonge Tanga, babu yangu mmoja alienda hivyo hatukumwona tena. Hakupigwa hata kofi, alijipeleka mwenyewe kwa miguu yake.

Na bado ipo jamani. Msimu uliopita alikuja dalali shambani na mizani yake, bei yake, kreti zake, akachagua parachichi akaweka ndoo nane pembeni eti rijekti, ndogo hizi mama hazina soko. Jioni nazunguka nyuma ya gari naona zile zile ndoo nane zinapakiwa, kaninunulia kwa bei ya kutupa. Nilikaa kimya kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na sikuwa na mnunuzi mwingine, hapo ndo nilielewa mtu anatekwaje bila vita.

Mwl wa Sekondari, Mbeya
Dada pole sana. Mi niongeze la darasani maana ndo naishi nalo. Mtoto anatoka la saba mkali kweli, anaeleza mmomonyoko wa udongo kwa Kiswahili mpaka unafurahi, anaingia fomu wani somo lile lile kwa Kingereza anakuwa bubu. Nina mmoja mwaka huu anajua jibu kabisa, namwona midomo inacheza, ila mkono haunyanyui. Akishazoea kwamba akili ni kitu kinachokuja kwa lugha ya mtu mwingine, huyo hahitaji kuzungushiwa askari.

Kuhusu fuvu mkuu, mwonyeshe binti hili, mkataba wa Versailles 1919 kifungu cha 246 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Mataifa makubwa yametoka kwenye vita kuu yanaandika habari ya kichwa cha mtu wa Kalenga! Likarudi 1954, gavana wa Mwingereza, Twining, ndo alilikabidhi. Kama alishindwa kabisa wangehangaika nalo la nini?

Baba Binti, Iringa
Asanteni sana, ya Usangu nitamwambia pia, sitaki akue na nusu ya habari. Tumepanga Jumapili twende Lugalo, maana pale vita alishinda Mkwawa lakini mnara uliosimama ni wa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa. Nitamwacha ausome kwanza mwenyewe kabla sijasema kitu.