MR2 turbo ya 1997 inauzwa Lavington: nichukue au niache? Naomba ushauri

Msafiri_Kitengela
Hamjambo wadau. Kuna Toyota MR2 ya 1997, ile SW20 (kizazi cha pili), turbo, gia za mkono, nyekundu, paa la vioo viwili vya kutoa. Iko Lavington na mwenyewe anataka milioni 1.35. Odometa inasoma 142,000. Bodi inang'aa na viti havijapasuka. Nina maswali mawili tu. Spea zinapatikana hapa Nairobi au ni za kuagiza? Na je, gari lenye injini katikati linaweza kwenda Kitengela–Upper Hill na kurudi kila siku? Naomba majibu leo au kesho kwa sababu kuna mtu mwingine analitaka.

Rimu15
Kwanza angalia tairi. SW20 ya 1997 ilitoka kiwandani na 195/55R15 mbele na 225/50R15 nyuma. Tofauti hiyo si ya urembo. Injini iko nyuma ya viti, kwa hiyo uzito mwingi unalala kwenye magurudumu ya nyuma. Ukikuta saizi moja pande zote nne, jua mtu alibana pesa pasipobanwa. Kwenye kona, ukitoa mguu ghafla kwenye mafuta, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi na mkia unataka kukupita. Zile za kwanza, 1989 hadi 1991, zilikuwa na tairi za inchi 14 na zilijulikana sana kwa tabia hiyo. Toyota walibadilisha sasipenseni na tairi baadaye, lakini fizikia ni ile ile. Soma pia tarehe ya tairi, tarakimu nne ubavuni: 1217 ni wiki ya 12 ya 2017. Raba ya miaka minane imekuwa ngumu hata kama meno yamejaa.

MamaSpea
Swali la spea lina majibu mawili. Injini ni 3S-GTE, ya ukoo mmoja na Celica GT-Four na Caldina GT-T, kwa hiyo vitu vingi vya injini utavipata Kirinyaga Road ukienda na sampuli mkononi. Usiende na jina la gari tu. Utauziwa ya 3S-FE ya RAV4, na si kila kitu kinaingiliana. Vitu vya bodi ni habari nyingine kabisa. Taa za nyuma, kioo cha nyuma, bampa, raba za paa: hizo ni za kuagiza Japani na kungoja. Raba za paa ndizo zitakuuma. Zikikauka, maji ya mvua yanashuka nyuma ya kiti hadi kwenye kizingiti cha mlango, na kutu inaanzia ndani usipoiona. Inua zulia nyuma ya viti, bonyeza kwa kidole, unuse. Kisha lala chini uangalie nyuma ya magurudumu ya nyuma, pale matope yanapokaa.

Fundi_wa_Gikomba
Bosi, umeliendesha? Geji ya joto ilikaa wapi?

Msafiri_Kitengela
Asanteni. Nililiendesha kidogo, liko sawa. Linavuta vizuri sana, turbo inaingia unaisikia mgongoni. Mama, nitaangalia zulia. Na bima je, gari la mwaka huu linakubalika kwa komprehensivu?

Fundi_wa_Gikomba
Bima baadaye. "Kidogo" ni kilomita ngapi? Kwenye foleni au barabara wazi? AC ilikuwa imewashwa? Ulipofika, injini ilikuwa baridi au alikuwa ameshaiwasha? Na mkanda wa taiming ulibadilishwa lini? Ratiba ni kilomita 100,000, na hili liko 142,000. Nauliza kwa sababu ulisema "liko sawa" ukaruka geji.

Baba_Wawili
Ndugu, hata mimi nina swali. Gari hili lina viti viwili. Je, una familia? Watoto wakiugua usiku wa manane utawabeba wapi? Tafadhali fikiria hilo kabla ya turbo. Si vibaya kupenda gari, lakini kwanza nyumba.

Msafiri_Kitengela
Sawa, niseme yote. Tulienda nalo Waiyaki Way hadi Kangemi na kurudi, saa kumi na moja jioni. Barabara ikiwa wazi geji ilikaa chini ya nusu. Kwenye foleni ya Westlands ilipanda ikapita nusu, ikakaribia nyekundu. Mwenyewe akaniambia niwashe hita, nikawasha, ikashuka. Anasema ni hewa kwenye maji tu, na fundi wake ameshatoa thamostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata joto, ili maji yatembee. Hita ilisaidia, kwa hiyo naona ni hewa kweli. Na nimeshalipa amana ya 150,000 kwa M-Pesa. Kama si hivyo angelipeleka kwa yule mwingine. Watoto wapo, ila mke ana gari lake.

Fundi_wa_Gikomba
Ningejua hilo tangu mwanzo tusingezungumzia taa za nyuma.

Hita kwanza. Hita ni rejeta ndogo ndani ya gari. Ikishusha joto, inakuonyesha kwamba maji yanafika mbele na kwamba rejeta kubwa haiwezi kutoa joto lote peke yake. Haikuonyeshi kwa nini. Inaweza kuwa feni, rejeta iliyoziba, hewa, au hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini.

Thamostati sasa. Kwenye 3S, thamostati ina kazi mbili. Ikifunguka kuelekea rejeta, mguu wake wa chini unaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji yanazunguka ndani ya injini bila kwenda mbele kupoa. Kwa hiyo huyo fundi ameongeza joto la foleni akidhani anapunguza. Aliyeitoa alikuwa anaficha dalili, au haelewi gari hili.

Sasa fikiria umbo lenyewe. Rejeta iko puani, injini iko nyuma ya mgongo wako, na katikati kuna mapaipu marefu yanayopita chini ya sakafu. Mfumo unabeba karibu lita 13. Hewa ikiingia haina pa kutokea yenyewe. Ukijaza maji kama unavyojaza Probox, kwa kumimina na kufunga, umeacha mfuko wa hewa ndani.

Inatolewa hivi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua boneti ya mbele. Kuna valvu ya hewa juu ya rejeta, na nyingine ya njia ya hita. Vika kila moja mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ncha zake zifunge juu kwenye boneti iliyo wazi. Weka hita kwenye joto la mwisho. Fungua valvu zote mbili. Mimina kulanti (dawa ya kupozea injini) polepole kwenye shingo ya kujazia, iliyo huku kwenye injini, nusu kulanti nusu maji safi yasiyo na chumvi. Utaona maji yakipanda ndani ya mipira, yakivunjwavunjwa na vipovu. Endelea hadi vipovu viishe na maji ya mipira yalingane na ya shingo. Funga valvu, washa injini, iache ipate joto hadi feni ya mbele iwake na kuzima, kisha ipoe, uongeze. Usiwe na haraka, ukikimbia utarudia.

Kitu cha mwisho ambacho watu wa Nairobi tunasahau: tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji matupu hapa yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachozuia yasichemke ni shinikizo la kifuniko. Kifuniko kilicholegea kinaweza kuvumilika Mombasa. Hapa kwenye foleni kinakuangusha. Ni kitu cha bei ndogo, badilisha.

Lakini hayo yote ni baada ya kupima hedi. Usilipe shilingi nyingine kabla ya hapo.

Rimu15
Fundi amemaliza. Niongeze la kutambua kama ni turbo ya kweli. Logibuku haitakusaidia, maana turbo na isiyo turbo zote ni sisi (cc) 1998. Tafuta bamba la kiwandani kwenye chumba cha injini, mstari wa injini useme 3S-GTE. Kifuniko cha injini cha turbo kimeinuka. Cha isiyo turbo kiko bapa. Kama bamba linasema 3S-GE na chini kuna turbo, injini ilibadilishwa, na namba yake lazima ilingane na ya logibuku.

Njia_Panda
Nimesoma uzi huu mara mbili na sijaridhika. Msafiri, namba ya gari inaanza na nini? Herufi tatu tu.

Msafiri_Kitengela
KCB. Kwa nini?

Njia_Panda
Kwa sababu hadithi hii haisimami. Namba za KC zilianza kutolewa karibu 2014 na 2015. Kanuni ya KEBS, KS 1515, hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingizwa nchini. Gari la 1997 lingepaswa kuingia kufikia 2005 hivi, na lingekuwa na namba ya KA. MR2 ya 1997 yenye KCB haipo, au ni namba ya gari lingine. Nashuku wewe ndiye muuzaji, unapima bei na kujua wanunuzi watauliza nini. Kama sivyo, tuonyeshe bamba la kiwandani na ukurasa wa logibuku, ufiche jina na namba za mwisho.

Baba_Wawili
Kama ni muuzaji, ni vibaya. Watu wametoa muda wao hapa.

Msafiri_Kitengela
Mimi si muuzaji. Nimeumia kidogo, lakini swali ni la haki. Nimempigia mwenyewe sasa hivi. Anasema gari liliingia zamani na mfanyakazi wa ubalozi, likawa na namba nyekundu, likauzwa hapa na kupewa namba ya kawaida baadaye. Bamba nimelipiga picha jana: linasema 3S-GTE, sisi 1998. Picha iko hapo chini. Logibuku sijaiona. Alisema iko kwa wakili.

MamaSpea
Basi hadithi inaweza kusimama, Njia_Panda, ila inaleta swali kubwa zaidi. Gari la kibalozi huingia bila ushuru. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru unalipwa KRA kwanza, ndipo usajili wa kawaida. Msafiri, mwombe hati ya forodha ya ushuru huo. Namba ya chesisi kwenye hati, kwenye logibuku na kwenye chuma cha gari ziwe moja, tarakimu kwa tarakimu, ukisoma mwenyewe kwa tochi.

Pili, fanya utafutaji wa gari kwenye akaunti yako ya NTSA ndani ya eCitizen. Utaona jina la mwenyewe. Ukikuta jina la benki au kampuni ya mikopo pamoja na lake, gari ni dhamana. Tatu, kuna daftari la dhamana za mali zinazohamishika, chini ya sheria ya 2017, nalo liko eCitizen. Litafute kwa namba ya chesisi. "Logibuku iko kwa wakili" mara nyingi ni njia ya upole ya kusema iko kwa mkopeshaji. Na kuhamisha umiliki, muuzaji ndiye anayeanzisha kwenye akaunti yake, wewe unakubali kwenye yako. Asiyeweza kuanzisha, hauzi.

Njia_Panda
Nakubali picha ya bamba. Samahani kwa kukushuku, ndugu. Swali la ushuru bado liko pale pale.

Msafiri_Kitengela
Nimekubali. Lakini wadau, hata kama hedi imeguswa, si inasawazishwa kwa mashine na kuwekwa gasketi mpya? Nikipunguziwa laki mbili naona bado ni bei nzuri. Kesho saa moja asubuhi niko kwake.

Fundi_wa_Gikomba
Inawezekana, lakini hesabu yote: kwenye 3S-GTE utatoa intaka (njia za kuingizia hewa), turbo na mabomba yake katika nafasi ambayo mkono haupiti, na ukiwa humo utabadilisha mkanda wa taiming, pampu ya maji na mpira mmoja mfupi wa maji chini ya intaka ambao hufikiwi kirahisi tena. Laki mbili zinaisha kabla hujafunga hedi, na hedi ikiwa imepinda kupita kiasi haisawazishiki.

Kesho mwambie asiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na uvuguvugu, ahirisha. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kulanti, angalia rangi, kisha mtu awashe huku wewe unatazama shingoni. Vipovu vichache vya kwanza ni kawaida. Vipovu vidogo visivyoisha, vinavyoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayovuja kuingia kwenye maji. Beba fundi mwenye kipima gesi, ile dawa ya buluu inayogeuka njano. Akiwa na geji ya kompresheni, silinda nne zisipishane zaidi ya kilo 1 kwa sentimita mraba. Mwisho, washa AC uone kama feni ya mbele inaanza.

Msafiri_Kitengela
Nimerudi. Injini ilikuwa na uvuguvugu saa moja asubuhi. Nikasema nitangoja, nikakaa hadi saa nne kwenye ngazi zake. Kulanti ni kahawia, na juu yake kuna duara jembamba la mafuta, kama ya supu iliyopoa. Tulipowasha, vipovu havikuisha. Dawa ya buluu ikawa njano kabla dakika mbili hazijapita. Hati ya forodha hana. Nimeomba amana yangu. Anasema atanirudishia laki moja leo na hamsini mwisho wa mwezi. Nikiipokea hiyo laki, niandike nini?

MamaSpea
Andika hivi, nakala mbili: "Nimepokea shilingi 100,000, sehemu ya amana ya 150,000 ya gari namba fulani, chesisi namba fulani. Uuzaji umevunjwa kwa makubaliano ya pande zote mbili. Baki 50,000 italipwa kufikia tarehe fulani." Tarehe iwe namba, si "mwisho wa mwezi". Wote wawili mtie sahihi na namba za vitambulisho, na shahidi mmoja kila upande. Akutumie kwa M-Pesa kutoka namba ile ile uliyomlipa, usipokee mkononi. Na ujumbe wa malipo yako ya kwanza usiufute.

Msafiri_Kitengela
Ameshatuma laki. Naandika sasa.