Mjadala: Figo itolewe na ndugu wa damu tu, au hata mke na rafiki waruhusiwe?

Wadau habari zenu, naleta hii mada maana imetugawa ukoo mzima. Mjomba wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, mkewe kasema chukueni figo yangu, wazee wamegoma, eti mke si damu, mwili utaikataa. Na wengi mitandaoni wanataka hivyohivyo, mtoaji awe ndugu wa damu na wengine wote wapigwe marufuku.

Mimi napinga. Ukiacha grupu la damu, kinachofanya hasa mwili ukatae figo ni familia ya jeni zinaitwa HLA, ziko kromosomu ya 6, zinaweka alama juu ya seli ili kinga ijue huyu wetu huyu mgeni. Zimekaa karibukaribu kwahiyo kawaida unazirithi kwa fungu, moja la baba moja la mama. Sasa piga hesabu: watoto wa baba mmoja mama mmoja, kufanana mafungu yote mawili ni 1 kati ya 4, fungu moja ni 2 kati ya 4, na ile 1 iliyobaki hawafanani hata fungu moja, yaani kaka yako wa tumbo moja kwenye hizo jeni anaweza asikufae kuliko mtu uliyekaa naye siti moja kwenye daladala. Wenye uhakika ni mapacha wa kufanana, ndio maana figo ya kwanza kufanikiwa, Boston 1954, Dk. Joseph Murray na wenzake waliitoa kwa pacha wakampandikiza pacha mwenzie.

Waliobaki wote, ndugu na wasio ndugu, wanameza dawa za kushusha kinga. Na kwa dawa hizo, utafiti wa Marekani uliotoka 1995 ulikuta baada ya miaka 3, kati ya figo 100 zilizotolewa na mume au mke, 85 bado zinafanya kazi, za wazazi 82, za marehemu 70. Mke kawapita wazazi jamani!

Mchangiaji: Mkuu sayansi nimekuelewa ila hofu yetu ni dalali. Ukishafungua mlango wa "rafiki" kesho kijana asiye na ajira anauza figo anaandikwa rafiki. Ndugu angalau hauzi.

Mleta mada: Hofu hiyo ni ya kweli kabisa na siipuuzi. Lakini India, ambako wagonjwa wetu wengi walipelekwa kabla Muhimbili haijaanza kupandikiza Novemba 2017, sheria yao ya 1994 inamhesabu mke au mume kama ndugu wa karibu, asiye ndugu anapita kwanza kwenye kamati. Na ndugu naye anashinikizwa, nani hajaona mdogo mtu anaambiwa usipotoa umemuua kaka yako?

Mchangiaji mwingine: Na ingekuwa mjomba ndio anampa mkewe?

Mleta mada: Hapo ni pagumu zaidi, mama aliyezaa anaweza kuwa na antibodi, yaani silaha za kinga, dhidi ya alama za HLA za mumewe, ambazo mwili wake ulizitengeneza wakati wa mimba. Inabidi krosimachi, wachanganye damu zao waone kama seli zinashambuliwa. Kwetu mtoaji ni mke, na Jumatatu nampeleka mwenyewe akapimwe, wazee nitawaeleza jioni tukirudi.