Historia nusu darasani nusu mtandaoni, watoto wanapenda kweli?

Ticha_Mbagala: Wakuu habari za jioni. Nafundisha Historia fomu 3, shule ya kata huku Mbagala, darasa limejaa balaa. Somo wamelichoka, wao ni kunakili notsi na kukariri miaka basi. Nikaanza kutuma vivideo kwenye grupu la WhatsApp la wazazi (simu shuleni marufuku si mnajua) waangalie nyumbani halafu darasani tujadili. Mwanzoni walichangamka mno, sasa hivi nikiuliza nani kaangalia naona mikono miwili mitatu, mwingine mama katoka na simu, mwingine bando limekata. Wenzangu mnafanyaje?

kijana_wa_sinza: Nguvu ya soda hiyo ticha. Halafu vivideo vyenyewe kiingereza cha puani, hata mimi sielewi 😂

Bi_Mwalimu: Kijana kachekesha ila hapo kwenye lugha kagusa penyewe. Mwalimu mwenzangu, video ndefu achana nazo, mtoto anaitazama kama tamthilia tu, ikiisha imeisha. Mimi nilituma picha ya sanamu ya Askari pale Posta Dar, ile ya kuwakumbuka wanajeshi Waafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na voisi fupi ya Kiswahili: kabla ya huyu hapo alisimama nani, na nani alimng'oa? Jibu sikutoa. Kesho yake darasa halikaliki, mmoja kamuuliza babu yake, mwingine kagugo. Alikuwa Wissmann, yule Mjerumani aliyekuja kuzima vita vya Abushiri, Abushiri mwenyewe akanyongwa Pangani 1889. Waingereza walivyouteka mji 1916 wakamng'oa, Askari akawekwa 1927. Sasa binti mmoja wa nyuma kabisa, huwa hata haongei, akauliza "kwa hiyo madam babu zetu walipigana huku kwa Mjerumani na huku kwa Mwingereza, vita ya nani?" Kipindi kiliisha hatujamaliza kubishana, na notsi za kiingereza niliwapa baada ya hapo, wakaandika bila kununa.

Ticha_Mbagala: Duh hiyo naiiba. Ila wasio na simu kabisa je, si ndo wanazidi kuachwa?

Bi_Mwalimu: Wapange kwa mtaa wanaokaa sio kwa ufaulu, kila kikundi kiwe na nyumba moja yenye simu. Na anayejibu darasani asiwe mwenye simu, mchague yule mwingine. Picha na voisi hata bando la jero linatosha.

kijana_wa_sinza: Mngenifundisha nyie nisingepata F ya Historia aisee