Mto wa kuminya kwa wazee: kihisi kinasoma 1023 muda wote

Mshonaji: Habari zenu. Tunatengeneza mto kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ukiminywa unatetemeka taratibu. Velostat (plastiki nyembamba ambayo ukinzani wake hupungua ikiminywa) iko kati ya vipande viwili vya kitambaa kinachopitisha umeme, rezista ni omu 10,000 kwenda ardhi, bodi ni LilyPad Arduino (kompyuta ndogo ya kushonwa kwenye nguo). Usomaji ni 1023, yaani kiwango cha juu kabisa, hata bila kuguswa, na mota haizunguki kwa betri ya kitufe ya CR2032.

FundiUzi: Hiyo ni shoti: vitambaa vinagusana pembeni. Kata Velostat izidi kitambaa kwa milimita 5 kila upande, wala usiishone katikati. Sindano ikitoboa, uzi wa chuma unaunganisha juu na chini. Kagua pia mafundo ya uzi huo. Ncha zikifumuka hugusana, kwa hiyo zipake rangi ya kucha kabla ya kukata.

Bi Sakina: Pini ya bodi haitoi zaidi ya miliampea 40, mota nyingi hutaka kama 75. Weka transista (swichi ya kielektroniki ya kupitisha mkondo wa mota), na dayodi sambamba na mota, izuie msukumo wa umeme unaorudi mota ikizimwa. Uzi wa chuma uachie kihisi. Njia ya mota iwe waya laini wa shaba. Na hiyo CR2032 iondoeni, tafadhali! Mzee akiimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2. Tumieni AAA tatu kwenye kisanduku cha skrubu, na analogWrite (amri ya nguvu ya mota, 0 hadi 255) isizidi 160.

Mshonaji: Shukrani. Na kufua?

FundiUzi: Fueni foronya tu. Velostat ikikunjwa hubaki na makunyanzi, usomaji unayumba.